Aliyenyonyesha Ndiye Aliyekumbuka

Uqba bin Harith alikuwa Mkureshi wa Makka, na alipooa alichukua mke wa hadhi yake: Ummu Yahya, binti wa Abu Ihab. Harusi ikapita, watu wakatawanyika, mume na mke wakaanza maisha. Ndipo akaja mwanamke mmoja mweusi, mjakazi, akasema kwamba alimnyonyesha Uqba, na huyu bibi aliyemwoa pia alimnyonyesha.

Uqba hakukubali. Alimwambia mwanamke yule kwamba hana habari ya kunyonyeshwa naye, na kama ni kweli, mbona siku zote hakusema? Akatuma mtu kwa wakwe zake kuuliza. Jibu likarudi kuwa nao hawajui kama binti yao aliwahi kunyonya kwa mwanamke huyo. Kwa mume hawajui, kwa mke hawajui. Wengi wetu tungeishia hapo, tukasema ni fitina tu, na maneno yangekwisha. Uqba akapanda mnyama wake akashika njia ya Madina, safari ya zaidi ya kilomita 400, kwenda kumuuliza Mtume (rehema na amani zimshukie). Katika mapokezi mengine imo kwamba alipofika alidai mwanamke yule ni mwongo, na Mtume akamgeuzia uso. Alichoambiwa ni kwamba haifai kubaki na mke huyo baada ya jambo kama lile kusemwa. Wakaachana. Bibi akaolewa na mume mwingine.

Kisa hiki kimo ndani ya Sahihi ya Imamu Bukhari, na kwenye darsa za misikitini hutumika kufundishia mambo mawili: fadhila ya kufunga safari kutafuta elimu, na kujiepusha na jambo lenye shaka. Mafakihi nao wamejadili sana kama ushahidi wa mwanamke mmoja unatosha. Mahanbali wanaukubali, Mashafii wanataka wanawake wanne, na hukumu ile wanaihesabu ni ya tahadhari. Mjadala ni mzuri na una watu wake. Mimi humfikiria zaidi yule mjakazi.

Katika mapokezi hayo hata jina lake halikutajwa. Nyumba mbili za watu wakubwa zilimpa watoto wao, akawanyonyesha, watoto wakashiba, wakakua, wakatafutiwa wachumba. Kina Uqba hawakumkumbuka. Kina Abu Ihab hawakumkumbuka. Katika Makka nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba vijana wale ni ndugu, naye ni yule ambaye hakuna aliyeona haja ya kumuuliza wakati wa posa. Kumlaumu kwa kuchelewa ni rahisi. Lakini mjakazi angepita mlango gani, wakati wakubwa wanapanga mahari, aseme ana neno?

Msingi wa jambo lenyewe unajulikana kwa kila aliyesoma chuoni. Aya ya 23 ya Surat An-Nisaa inawataja mama waliowanyonyesha na dada wa kunyonya miongoni mwa wanawake ambao mtu hawezi kuwaoa. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, udugu huo unathibiti kwa manyonyo matano yaliyoachana, mtoto akiwa hajapita miaka miwili. Kwa Mahanafi na Mamaliki hata kidogo kinatosha. Na haujali kama mtoto alishika ziwa mwenyewe au alinyweshwa kwa kikombe. Kwa wanavyuoni walio wengi, maziwa yakishafika tumboni kwa mtoto, yamefika. Tena udugu hauishii kwa mama. Mume ambaye kwa ajili yake maziwa yalipatikana anakuwa baba, na watoto wake kwa wake zake wengine wanakuwa ndugu wa mtoto aliyenyonya. Mwanamume mwenye wake watatu, basi, anaweza kujipatia mtoto wa kunyonya na watoto wake wote wakapata ndugu mpya, na yeye yuko safarini hana habari.

Kwa sababu hiyo posa ikiletwa huku kwetu, kabla hata sinia ya mahari haijatajwa, huwa yuko bibi mmoja kwenye mkeka anayeingilia maneno.

“Ngojeni kwanza. Huyu kijana ni mtoto wa nani? Wa yule aliyelazwa na homa ya uzazi mwaka wa mafuriko?”

“Ndiye huyo huyo, bibi.”

“Basi nani alimnyonyesha siku zile mamake yuko hospitali?”

Watu wanatazamana. Shangazi mmoja anasema alikuwa ni jirani wa mlango wa pili, mwingine anasema hapana, ni wifi yake mkubwa, na yule jirani alimnyonyesha siku moja tu, tena usiku. Bibi hatosheki. Anataka kujua mara ngapi. Vijana wanaona ni ukongwe, anachelewesha shughuli. Kumbe yeye ndiye rejista. Mtaa mzima wa watu waliopeana watoto, ziwa la huyu kwa mtoto wa yule, umehifadhiwa kichwani mwake na mwa wenziwe wawili watatu, bila karatasi. Siku wakiondoka wanaondoka nayo yote.

Sasa kazi ya jirani wa mlango wa pili imeingia hospitali, na ina friza. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza nchini Kenya. Si wazo geni ulimwenguni. Vienna walikuwa na ya kwao tangu 1909, na Afrika Kusini wana miaka mingi wakiifanya kazi hiyo. Mimi naiunga mkono, niseme mapema ili nisisomwe vibaya huko mbele. Mtoto njiti wa kilo moja, ambaye mamake amefariki au yuko chumba cha wagonjwa mahututi, utumbo wake haujakomaa. Akipewa maziwa ya kopo, hatari ya ule ugonjwa wa utumbo kuvimba na kufa sehemu sehemu ni karibu mara mbili ya mwenzake anayepewa maziwa ya mama mwingine. Aliyewahi kuona tumbo la njiti limevimba, ngozi inang'aa, hamuulizi mtu kwa nini benki ya maziwa iwepo. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpangilio wake: kwanza maziwa ya mama mzazi, yakikosekana, ya mama mwingine yaliyo salama, kopo ni la baada ya hapo.

Usalama wenyewe una kazi. Mama anayejitolea kwanza anahojiwa: anatumia dawa gani, anavuta sigara, anakunywa pombe? Anapimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Ananawa mikono, anakamua kwa mkono au kwa pampu, maziwa yanaingia kwenye chupa yenye lebo, chupa inakwenda kwenye ubaridi. Kisha chupa zinazamishwa katika maji ya nyuzijoto 62.5 kwa dakika 30, zinapozwa upesi, na sampuli inaoteshwa maabara kuona kama kuna bakteria aliyebaki. Yakiwa safi yanagandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Joto lile linaua virusi vya Ukimwi. Linapunguza pia baadhi ya kinga iliyomo kwenye maziwa, na hii ni hasara ambayo wenye benki wameamua kuibeba, kwa sababu bila joto wangebeba kubwa zaidi. Kunyonyeshana kwa mlango wa pili hakuna hatua hata moja ya hizi, na nchi zetu si zile za kabla ya Ukimwi wa miaka ya themanini. Dada anayempokea mtoto wa mwenziwe kwa huruma, hajapima, anaweza kumpa kitu ambacho mwenyewe hajui anacho.

Hapa hospitali zenyewe zina mtihani ambao sijasikia ukizungumzwa vya kutosha. Wodi ya wazazi ni chumba kimoja kirefu, kitanda na kitanda, kila mtu anamwona mwenziwe. Muuguzi anapita akiwaomba akina mama wenye maziwa mengi wajitolee. Wa kitanda cha nne anakubali, anapimwa, siku ya pili anapewa pampu. Wa kitanda cha tano naye alikubali kwa furaha, akapimwa, lakini pampu haikuja. Hakuna aliyesema neno. Jioni, wakati wa kuona wagonjwa, wodi nzima imeshajua, au inadhani imeshajua, kwa nini. Pengine ni upungufu mdogo wa damu tu, pengine ni dawa ya kifafa anayotumia. Watu hawatafikiria kifafa. Na hata kama ni VVU, mama huyo anayetumia dawa zake za kufubaza vizuri anashauriwa amnyonyeshe mwanawe mwenyewe. Kinachozuiwa ni kuwapa wengine. Kumweleza hayo faraghani ni dakika kumi. Kumwombea maziwa hadharani halafu kumnyamazia ni kumtangaza. Anayetaka kuomba maziwa wodini na aombe kwa kila mmoja peke yake, na aliyekataa na aliyekataliwa wasiweze kutofautishwa na jirani.

Kuna mahali ambako hata wodi haipo. Marekani, maziwa ya mama yaliingia sokoni kwenye mtandao kama kitu kingine chochote: tangazo, bei, kifurushi mlangoni. Watafiti wa hospitali moja ya watoto huko Ohio waliagiza kama wateja wa kawaida. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya sampuli 101: asilimia 74 zilikuwa na bakteria kwa kiwango ambacho kingeifanya benki izikatae. Mwaka 2015 wakarudi na jingine. Katika sampuli 102, kumi zilikuwa na maziwa ya ng'ombe kwa asilimia 10 au zaidi. Mtu analipwa kwa ujazo, kwa hiyo anaongeza ujazo. Wauza maziwa wa mitaani kwetu wangelielewa hilo bila utafiti. Hapo mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, ambaye pengine ndiye aliyetafutiwa maziwa ya mama kwa udi na uvumba, analetewa kile kile alichokimbizwa. Na mamake hana wa kumshika. Aliyeuza ni jina la kwenye kioo, kesho halipo.

Mwaka 2014 kampuni moja ya maziwa ya mama, Medolac, ilitangaza mpango wa kuwatafuta wanawake Weusi wa Detroit wauze maziwa yao. Malipo ya ushirika uliokuwa ukishirikiana nayo yalikuwa dola moja kwa aunsi, yaani mililita 30 hivi. Mpango ulitangazwa kama msaada: wanawake wapate kipato, na kunyonyesha kupate nguvu katika jamii ambayo watoto wake wengi hawanyonyi muda mrefu. Januari 2015 chama cha akina mama Weusi wanyonyeshao cha mji huo kikaandika barua ya wazi. Kiliuliza mwanamke mwenye shida ya kodi ya nyumba atalindwaje asikamue kile ambacho mwanawe angekinywa. Kikakumbusha pia kwamba bibi zao, enzi za utumwa, walilazimishwa kuwanyonyesha watoto wa mabwana huku wao wenyewe wakipungukiwa. Kampuni ikaufuta mpango.

Niliposoma habari hiyo nilimwona mjakazi wa Makka amesimama barazani kwa Uqba. Aliyenyonyesha anakumbuka, na kumbukumbu ikirithishwa vizazi vinne vitano haijafa. Wale waliopokea walikuwa na mambo mengine.

Kamboja hawakuwa na chama cha kuwaandikia barua. Kampuni ya Utah, Ambrosia Labs, ilikuwa na kituo Phnom Penh ambako wanawake maskini walikamua, maziwa yakagandishwa, yakapanda ndege, yakauzwa kwa akina mama wa Marekani. Machi 2017 serikali ya Kamboja ikapiga marufuku kuyauza nje, na UNICEF ikaunga mkono, kwa hoja kwamba nchi yenye watoto wengi wenye utapiamlo haiwezi kusafirisha maziwa ya mama zao. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakiuza walisikitika. Fedha ile ilikuwa ikiwasaidia nyumbani. Siwezi kuwacheka. Marufuku iliwafungia mlango wa fedha bila kuwafungulia mwingine, na waliopitisha sheria hawakuwa na tatizo la kodi. Hata hivyo nasimama upande wa marufuku, kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hakuna upande uliomhoji: mtoto wa muuzaji. Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyotoka, hilo ni kweli, na mwenye afya na chakula anaweza kuwatosheleza wawili. Lakini anayelipwa kwa aunsi ana sababu, kila asubuhi, ya kuanza na pampu na kumwachia wake kinachobaki. Benki nzuri hainunui. Humrudishia nauli, humpa pampu, na humuuliza kwanza kama mwanawe anaongezeka uzito.

Turudi kwa mambo ya ndoa, kwani ndiko benki hizi zinakokwama Waislamu wanapokuwa wengi, na ndiko nadhani tunakosea pande zote. Mwaka 1983 Sheikh Yusuf al-Qaradawi alitoa fatwa ya kuziruhusu: kwake, kunyonya kunakoleta udugu ni kule kwa mtoto kushika ziwa, na shaka peke yake haiharamishi. Disemba 1985 Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah, likaamua kinyume: benki zisianzishwe katika nchi za Waislamu, na watoto wasinyweshwe kutoka humo, kwa kuwa zitaleta mchanganyiko na shaka katika nasaba. Uamuzi huo ndio uliosafiri. Dhaka, mwisho wa 2019, benki iliyokuwa tayari kufunguliwa ilisimamishwa baada ya wakili kupeleka ilani ya kisheria. Karachi, Juni 2024, hospitali ya watoto iliyokuwa imepata kwanza fatwa ya kuruhusiwa kwa masharti ilisimamisha huduma baada ya chuo cha dini cha Darul Uloom kuitazama upya fatwa hiyo.

Wenye benki huwaona masheikh kuwa ni watu wa kale wanaoacha njiti wafe kwa hofu ya harusi ya miaka ishirini ijayo. Masheikh huwaona madaktari kuwa ni watu wa kuiga Ulaya. Ukisoma hoja ya Jeddah bila hasira, kilichokataliwa ni maziwa yasiyo na mwenyewe: chupa iliyochanganywa ya mama watano, wasiojulikana, kwa watoto wasiojulikana. Huo mchanganyiko ni desturi ya kazi tu. Benki nyingi huchanganya ili mafuta na protini visawazike na kazi iwe nyepesi, na husitiri majina kama inavyofanywa kwa damu. Damu haimfanyi mtu kuwa shemeji wala ndugu. Kwa kufuata utaratibu wa damu, mabenki yameingiza usiri ambao hapa unadhuru.

Tena tazama hesabu yenyewe. Njiti wa kilo moja, siku zake za kwanza, anapewa labda mililita moja na nusu au mbili kila baada ya saa mbili, kwa mrija wa puani, muuguzi amelishikilia bomba juu, maziwa yanashuka yenyewe taratibu. Kwa siku nzima ni kama mililita 20. Mililita 100 za mama mmoja zinaweza kumvusha siku kadhaa za mwanzo, na mama yule yule akikamua kila siku anaweza kumtosha hata kiasi kinapoongezeka, mpaka mama mzazi apate nguvu na maziwa yake yaanze kutoka. Hapana haja ya mama watano. Mtoto mmoja anaweza kuhudumiwa na mama mmoja, au wawili, na majina mawili yanaingia kwenye mstari mmoja wa daftari. Kinachoonekana kuwa hakiwezekani kwa chupa elfu kinawezekana kwa urahisi kitandani.

Na wale wanaojifariji kwa manyonyo matano ya Shafii, wakisema kiasi ni kidogo mno kuleta udugu, wahesabu tena. Mtoto anayelishwa mara kumi na mbili kwa siku, chakula kimoja kimeachana na kingine kwa saa mbili, hamalizi siku ya kwanza kabla ya kuvuka matano.

Njia hiyo ya kuandika majina, Malaysia wameifuata bila makelele. Huko Kuantan, hospitali ya chuo kikuu cha Kiislamu ina kituo kilichopewa jina la Halima Saadia, mama aliyemnyonyesha Mtume. Hawachanganyi, mtoaji na mpokeaji wanajuana, na udugu unaandikwa. Hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya mtoto na nasaba yake.

Pumwani iko mahali pake hasa pa kujaribu hilo. Majengo, mtaa wa Waislamu wa tangu enzi za mkoloni, uko karibu na hospitali, na Eastleigh si mbali. Mama wa Kiislamu anayejifungua pale, mwanawe amezaliwa wiki ya 29, akiambiwa maziwa yapo lakini hayana jina, anawekwa baina ya utumbo wa mwanawe na maneno ya sheikh wa mumewe. Wengine watakubali na kunyamaza. Hao ndio wanaonipa wasiwasi zaidi kuliko wanaokataa, maana wanaokubali kwa siri ndio watakaokuwa na mtoto asiyejua, kisha posa, kisha bibi kwenye mkeka akiuliza, na hakuna wa kumjibu. Mjakazi wa Makka alijua aliwanyonyesha nani. Mama wa benki anaondoka wodini hajui chupa yake ilikwenda kwa mtoto gani, hata akitaka kusema baada ya miaka ishirini hana la kusema.

Wasio Waislamu wasifikiri haya hayawahusu. Mtoto aliyepewa maziwa ya mama ambaye baadaye aligundulika na ugonjwa, nani atamtafuta kama mstari haupo? Benki yenye utaratibu huweka namba za kufuatilia kwa ajili hiyo hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika. Kilichobaki ni kukubali kwamba familia nayo ina haki ya kuuona mstari huo, si maabara peke yake.

Pa kuandika napo papo. Mtoto akizaliwa anapewa kadi ya kliniki, Kenya ni kile kijitabu cha mama na mtoto, Tanzania ni kadi inayokwenda naye kwenye mizani kila mwezi. Humo kuna tarehe za chanjo, uzito, mstari wa ukuaji. Weka mistari miwili: mtoto huyu amenyonyeshwa au kupewa maziwa ya nani, kuanzia lini hadi lini. Ijazwe kwa ridhaa ya mama wote wawili, na mtoaji apewe nakala yake, ili mtoto wake naye ajue. Anayetaka jina lisionekane na kila mshika kadi aandikiwe namba, jina likae kwenye daftari la hospitali lililofungwa.

Nilimweleza hivyo muuguzi mmoja ninayemheshimu, mtu wa wodi ya njiti kwa miaka mingi. Akacheka. “Mwalimu, kadi zinalowa mvua, zinaliwa na panya. Mama anapoteza kadi kabla ya chanjo ya surua.” Ni kweli. Kwa hiyo nakala ziwe tatu: ya mzazi, ya mtoaji na ya hospitali. Zikipotea mbili, ya tatu ipo. Akaniuliza nani atalipia kabati la kuwekea madaftari ya miaka ishirini na mitano, na hapo sikuwa na jibu la maana, ila kwamba friza la nyuzi 20 chini ya sifuri lilipatiwa fedha, na kabati ni rahisi kuliko friza.

Mpaka hayo yafanyike, mama aliyeombewa mwanawe maziwa, hospitali au kwa jirani, ana haki ya kuuliza mambo machache kabla ya kusema ndiyo: mtoaji amepimwa lini, maziwa ni ya mtu mmoja au yamechanganywa, jina lake litakaa wapi, na mtoto wake mwenyewe anashiba? Jirani akiona maswali hayo ni dharau, aambiwe kwa adabu kwamba kuanzia leo yeye ni mama katika nyumba hii, na mama hujulikana jina lake. Akikubali, aandikwe. Mume wake naye aambiwe.